Lambwe na Pwani: Fidia ya mkulima ni deni, si sadaka

Kila ukame ukiuma au mto ukivunja kingo zake, Wakenya huonyeshwa picha zile zile. Lori limeegeshwa kiwanjani, magunia yamepangwa, mheshimiwa ameshika kipaza sauti, na mama mmoja mzee anapokea unga huku kamera zikimmulika. Baada ya wiki mbili lori limeondoka, mheshimiwa hayupo, na yule mama amerudi kwenye shamba lisilo na mmea na zizi lisilo na mbuzi. Alichopewa ni chakula cha kumfikisha mwisho wa mwezi. Mali yake iliyopotea haikutajwa na mtu.

Hapo ndipo penye suala langu la leo. Chakula cha msaada ni jambo moja, na fidia ya mali ni jambo jingine. Mkulima au mfugaji aliyepata hasara kwa janga ambalo hakulisababisha yeye, ana haki gani mbele ya serikali? Na haki hiyo ikishaandikwa, mbona haimfikii?

Ili tulielewe vizuri, nawaomba wasomaji wangu tutoke kidogo huku kwetu twende bara ya magharibi, mpaka bonde la Lambwe. Wengi wetu hatujawahi kufika huko. Lakini mtu wa Shimba Hills, wa Voi, wa Garsen au wa Witu akisikia habari za Lambwe, atadhani anasimuliwa habari za kijijini kwake.

Bonde na mbuga yake

Lambwe iko kaunti ya Homa Bay, upande wa Suba na Ndhiwa, karibu na mpaka wa Migori. Upande mmoja kuna mteremko wa Kanyamwa, upande wa pili vilima vya Gwasi, na Ziwa Victoria haliko mbali. Watu wake ni Wajaluo na Wasuba, wakulima wa mahindi, mtama na karanga, na wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katikati ya bonde ndipo ilipo mbuga ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba.

Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 likapandishwa kuwa mbuga ya taifa. Sababu kubwa ilikuwa korongo, yule mnyama wa jamii ya paa mwenye umbo kubwa, ambaye kwa Kenya nzima amebakia Ruma peke yake. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta korongo 15 tu. Basi hakuna mwenye akili atakayesema Ruma ifungwe. Mnyama akishatoweka hanunuliwi sokoni.

Lakini mbuga ina nyati, fisi, chui, twiga, na tangu mwanzoni mwa muongo uliopita ina vifaru pia. Nje ya ua wake kuna mashamba ya watu. Nyati akitoka usiku haulizi shamba la nani, na fisi akiingia zizini haondoki na mmoja. Hasara inayotoka mbugani inaangukia kaya iliyo jirani na ua, ilhali faida ya korongo, yaani sifa ya nchi na fedha za watalii, inagawanywa kwa taifa zima.

Kuna na adui mwingine asiyeonekana kwa mbali, naye ni mbung'o. Lambwe ilikuwa na jina baya kwa nzi huyo tangu zama za ukoloni. Anawaua ng'ombe kwa nagana na alikuwa akiwaua watu kwa malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalilipuka upya bondeni, na kazi kubwa ikafanywa: dawa zikapulizwa kwa ndege, mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ikatundikwa, watu wakapimwa. Mwaka 2012 serikali iliunda baraza la kushughulikia mbung'o pekee, KENTTEC. Na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alipatikana mwaka 2009. Hilo ni jambo la kushukuru, na linaonyesha kwamba serikali ikiamua inaweza.

Lakini malale ni ugonjwa wa watu. Nagana ya ng'ombe haijaondoka, na vichaka vya mbuga ndiyo makao ya nzi anayeibeba. Watu wa Kwale mnalijua hili bila kufundishwa, maana mbung'o wa Shimba Hills ni ndugu yake.

Sheria imesema nini?

Kwa muda mrefu mkulima wa Kenya hakuwa na lolote la kudai. Mwaka 1989, sheria ya wanyamapori iliporekebishwa na shirika la KWS kuzaliwa, fidia ya mazao na mifugo ilifutwa kabisa. Ilibaki fidia ya kifo na majeruhi tu, nayo ilikuwa ndogo mno. Mtu aliyeuawa na ndovu, familia yake ilipewa shilingi 30,000, na baadaye shilingi 200,000.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikageuza mambo. Kifo kikawa shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ukawa shilingi milioni 3. Majeraha mengine, mpaka shilingi milioni 2 kulingana na ukubwa wake. Na mazao, mifugo na mali nyingine vikarudi kwenye orodha, vilipwe kwa bei ya soko. Kila kaunti ikawekewa kamati ya kupokea na kupima madai, na mpango wa kitaifa wa fidia ukaundwa kwa jina. Kwenye karatasi, ni mojawapo ya sheria za ukarimu zaidi katika bara hili.

Sasa tuangalie jinsi inavyomtendea mtu wa Lambwe.

Kwanza, orodha. Sheria inataja wanyama ambao hasara yao inalipwa. Kwa mazao na mifugo wamo ndovu, simba, chui, fisi, nyati, kiboko, mamba, pundamilia na wengine. Nyani hayumo. Tumbili hayumo. Muulize mkulima yeyote anayepakana na msitu, awe wa Lambwe au wa Shimba Hills, ni mnyama gani anayemlaza shambani kutoka mahindi yanapoanza kubeba mpaka yavunwe. Atakwambia nyani. Na mbung'o ndiyo kabisa, huyo ni mdudu tu. Ng'ombe akiuawa na fisi aliyetoka mbugani, ni dai. Ng'ombe huyo huyo akiuawa na nagana iliyotoka kwenye kichaka cha mbuga hiyo hiyo, ni bahati mbaya. Ajabu ni kwamba kwa kifo na majeruhi ya binadamu sheria ilikumbuka hata papa na taa wa baharini. Walioiandika hawakuwa wavivu. Walipofika kwa nyani, nadhani walihesabu gharama wakaona wamruke.

Pili, ushahidi. Kupata fidia kunahitaji afisa wa KWS aje aone, afisa wa kilimo apime hasara ya shamba, au afisa wa mifugo athibitishe kilichomuua ng'ombe. Ofisi ziko mbali, maafisa ni wachache, na mvua ikinyesha usiku nyayo za nyati zinafutika kabla ya saa tatu asubuhi. Juu ya hayo sheria inasema mtu asiyechukua hatua za maana kuilinda mali yake halipwi. Ni sharti la busara, lakini hatua za maana ni zipi kwa mjane mwenye robo tatu ya ekari? Uzio wa umeme? Nyati anayeruka uzio wa serikali atazuiwa na miba ya mjane?

Tatu, na hili ndilo kubwa, fedha. Kamati ya kaunti inaweza kukubali dai lako leo, lakini haina hata shilingi ya kukulipa. Dai linapanda Nairobi, linangoja bajeti, na bajeti ya fidia imekuwa kila mwaka ndogo kuliko madai. Deni limerundikana mpaka likawa la mabilioni, na mawaziri wa utalii, mmoja baada ya mwingine, wamelikiri hadharani. Kila baada ya muda kunafanyika sherehe, hundi kubwa ya karatasi ngumu inainuliwa, watu wachache wanalipwa madai ya miaka mingi iliyopita, na foleni inaendelea.

Kucheleweshwa huko kuna gharama yake. Gunia la mahindi la mwaka wa hasara si gunia la mwaka wa malipo. Aliyepoteza ng'ombe wa kukamua amepoteza pia maziwa ya watoto, ndama wa mwaka unaofuata, na ada ya shule aliyotarajia kuuzia ndama huyo. Ukimlipa baada ya miaka mitano bei ya ng'ombe mmoja, umelipa sehemu ndogo tu ya hasara.

Serikali ina hoja zake, na tuzisikilize kwa haki. Inasema madai ya kuumwa na nyoka yanameza sehemu kubwa ya fedha. Inasema kuna madai ya uongo. Inasema nchi ina madeni. Yote haya yana ukweli ndani yake. Lakini wizi wa wachache huzuiwa kwa ukaguzi, hauzuiwi kwa kuwanyima wote. Na kama serikali haina uwezo wa kulipa milioni 5, afadhali ingeandika kiwango kidogo ikakilipa ndani ya mwezi. Ahadi ni deni, na waliotoa ahadi hii ni Bunge.

Ukame nao: fedha zinazowahi na zinazochelewa

Tuje upande wa ukame, ambao sisi wa Pwani tunaujua zaidi kuliko wa Lambwe. Kaunti zote za Pwani isipokuwa Mombasa zimo katika zile 23 zinazofuatiliwa na mamlaka ya ukame, NDMA. Kila mwezi hutolewa taarifa ya kila kaunti: hali ya malisho, umbali wa maji, bei ya mbuzi. Homa Bay na Migori hazimo. Mvua ikikata Lambwe, hakuna taarifa wala kengele ya hatari, kwa sababu kwenye ramani ya Nairobi huko ni kwenye mvua.

Lakini sisi tuliomo kwenye taarifa tumefaidika vipi? Mwaka 2009 serikali ilitangaza kununua ng'ombe waliokonda kwa shilingi 8,000 kila mmoja kupitia kiwanda cha nyama cha KMC. Wafugaji wakawaswaga na kuwapakia mpaka Athi River, na wengi wa ng'ombe hao wakafia nje ya kiwanda wakingoja zamu. Msaada ulikuwapo, ila ulikuja wakati mnyama hana nguvu ya kuufikia. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Misimu mitano ya mvua ikapita mitupu, na kufikia mapema mwaka 2023 mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa nchini. Wenye mifugo hiyo hawakupata fidia. Walipata unga, na baadhi yao fedha kidogo za kujikimu.

Lakini kuna mfano mmoja wa tofauti, na si wa kuletewa kutoka mbali. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI walianza Marsabit bima inayotumia setilaiti. Setilaiti inapima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji wa eneo hilo analipwa, bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Mwaka 2013 ikaletwa Wajir kwa mfumo wa takaful, ili Mwislamu anayeogopa bima ya kawaida awe na njia iliyo safi, na malipo ya kwanza yakatoka 2014. Mwaka 2015 serikali yenyewe ikaingia kwa mpango wa KLIP, ikaanza Turkana na Wajir kisha ikasambaa hadi kaunti nyingine, Tana River ikiwamo. Serikali ililipa ada yote kwa kaya maskini, kila kaya ikikatiwa bima ya mifugo michache.

Februari 2017 mpango huo ulilipa shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000. Ni kama shilingi 18,000 kwa kaya. Si pesa ya kununua ng'ombe mwingine, lakini ni pesa ya kununua majani, maji na dawa kabla ng'ombe hajaanguka. Ni rahisi kumwokoa ng'ombe aliye hai kuliko kumfidia aliyekufa. Mpango huo sasa umebadilishwa. Tangu 2022 kuna mradi wa DRIVE wa Benki ya Dunia, ambapo mfugaji huchangia sehemu ya ada. Kuchangia si kubaya, ila mwenye mbuzi watatu ndiye wa kwanza kushindwa kuchangia, na ndiye wa kwanza kufilisika.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani ina mipango ya kudumu ya kulipa mashamba na ranchi zilizopatwa na majanga. Tangu sheria yao ya kilimo ya mwaka 2014, mipango hiyo haingoji rais atangaze wala bunge likae kila ukame unapotokea. Kuna ramani ya ukame inayotolewa kila wiki. Chini ya sheria hiyo ya 2014, wilaya ilipokaa kwenye rangi ya ukame mkali kwa wiki nane mfululizo, mwenye mifugo alistahiki malipo ya malisho. Mifugo ikifa kwa hali mbaya ya hewa kupita idadi ya kawaida, sheria hiyo iliweka malipo ya asilimia 75 ya bei ya soko. Na mpango huo huo unamlipa mfugaji ambaye mnyama wake ameuawa na wanyama waliorudishwa porini na serikali, kama mbwa mwitu waliorudishwa Yellowstone mwaka 1995. Wanakubali kwamba serikali ikiamua kumfuga mnyama mkali kwa faida ya wote, gharama yake isibebwe na jirani peke yake.

Sisemi tuige kila kitu. Mipango yao inapendelea mwenye mifugo mingi na mwenye kumbukumbu zilizoandikwa, na nchi yao ina hazina ambayo sisi hatuna. Lakini kanuni iliyo ndani yake haihitaji utajiri. Kipimo kiwekwe mapema, kijulikane na wote, na kikifikiwa malipo yatoke bila kuombwa kwa magoti.

Na kanuni yenyewe si ya Marekani. Sisi tunaosoma Qur'ani tunaikuta katika Suratul Anbiyaa, kwenye habari ya Nabii Daud na Nabii Suleiman walipoamua kesi ya mbuzi na kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wameeleza kwamba hukumu ya Suleiman ilikuwa mwenye shamba apewe wanyama anufaike nao, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Hapo hakuna aliyefanyiwa hisani. Mwenye mnyama ana dhamana ya alichoharibu mnyama wake. Basi nyati wa Ruma na ndovu wa Tsavo ni wa nani? Sheria yetu imesema wanyamapori ni mali ya taifa. Taifa likidai mnyama ni wake anapopigwa picha, likubali ni wake pia anapokula shamba.

Tufanye nini?

Kwa upande wa serikali, naona mambo manne. La kwanza, fedha za fidia zitengwe katika mfuko wenye chanzo chake, mathalani sehemu maalumu ya viingilio vya mbuga, zisingoje huruma ya Hazina. La pili, madai madogo ya mazao na mbuzi yamalizwe kwenye kaunti, kwa kiwango kinachojulikana na muda usiozidi miezi mitatu. La tatu, nyani aingizwe kwenye orodha, na kwa mbung'o serikali ilipe kinga ikiwa haitalipa fidia: mitego na dawa ya kumwagia ng'ombe itolewe bure kwa kila kijiji kinachopakana na mbuga. La nne, taarifa za ukame zisiishie kaunti 23. Lambwe nako kuna watu.

Kwa upande wetu sisi wananchi, tusikae tukilalamika barazani tu. Hasara ikitokea, ripoti siku hiyo hiyo kwa KWS na kwa chifu, na uandikiwe nambari ya ripoti. Piga picha za nyayo, za mazao na za mzoga, simu nyingi sasa zina kamera. Muite afisa wa kilimo au wa mifugo, na ubaki na nakala ya kila karatasi. Na wengi hawajui hili: usiporidhika na uamuzi wa fidia, sheria inakupa siku 30 kukata rufaa katika Baraza la Mazingira la Kitaifa, na ukishindwa huko kuna mahakama ya mazingira na ardhi. Mawakili wetu wa Pwani, ambao hujitolea Ramadhani kwa mambo ya kheri, wangefanya kheri kubwa kuwaandikia wanakijiji rufaa hizo.

Kwa wawakilishi wetu nina ombi moja. Wabunge wa Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu wakikaa peke yao wanaitwa watu wa ndovu. Wakikaa pamoja na wa Suba na Ndhiwa, na wa Narok, Laikipia na Kajiado, wanakuwa kundi ambalo kamati ya bajeti haiwezi kulipuuza. Zaidi ya nusu ya Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo. Ruma ni kilomita 120 tu. Lakini mjane aliyeamka akakuta shamba limekanyagwa, awe Mtaita au Mjaluo, hasara yake inapimwa kwa kipimo kimoja.

Bajeti inasomwa kila Juni. Kabla ya hapo kuna vikao vya kutoa maoni, na vingi hufanyika viti vikiwa vitupu. Nendeni, na mkifika ulizeni swali moja tu: madai yaliyokwisha kukubaliwa katika kaunti hii ni shilingi ngapi, na mwaka huu zitalipwa ngapi? Mkijibiwa kwa hotuba, ulizeni tena. Dawa ya deni ni kulipa.